Taa ya Injini Kwenye Mlima wa Kinole

Ndizi, mananasi na viungo vya Kinole hushuka kwenda Morogoro mjini; saruji, sukari na abiria hupanda. Kwa injini, kazi ni hiyo ya kupanda. Ukishaiacha barabara ya Bigwa–Kisaki na kuanza kuikwea Uluguru, ndipo taa ya njano yenye mchoro wa injini inapopenda kuwaka kwenye dashibodi ya Noah iliyojaa kupita kiasi.

Wengi wamezoea kuchomoa terminali ya betri kwa dakika chache. Taa inazima kweli, na ushahidi unafutika nayo. Kompyuta ya gari huwa imeandika msimbo wa hitilafu na, kwa magari mengi, hali ilivyokuwa wakati huo: mwendo, joto la injini, mzigo. Fundi akiletewa gari lililofutwa atabahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni mwenye gari.

Tuchukue P0171, msimbo wa hewa iliyozidi. Injini ya petroli inataka takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ikiona oksijeni imezidi, kompyuta huongeza petroli. Nyongeza ikikaribia asilimia 25 na bado haitoshi, taa huwaka. Hapo sensa hung'olewa na kununuliwa nyingine, ilhali mara nyingi yenyewe ilisema kweli.

Msimbo hauelezi kwa nini hewa imezidi. Jibu limo kwenye ile nyongeza, ambayo mashine ya kupimia huionyesha kwa asilimia. Ikiwa kubwa injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikashuka ukifikisha mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi inayovuta hewa. Upenyo huo una uzito injini inapovuta hewa kidogo. Ikivuta nyingi, hauonekani sana. Ikiwa kinyume, yaani nyongeza ni ndogo gari likiwa limesimama na inakua kadiri mzigo unavyozidi, shuku pampu ya mafuta iliyochoka au filta iliyoziba. Gari la namna hii linaweza kuonekana zima kabisa gereji mjini. Lipimwe mlimani, dereva akiendesha na fundi akisoma namba pembeni yake.

Misimbo ya aina hii ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani. Ndiyo maana kidude cha bei nafuu cha ELM327 hugoma kuyasoma baadhi yake, ingawa soketi ni ileile ya pini 16. Kwa Toyota nyingi za zamani, unaunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, unafungulia swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu. Taa ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara tano, ni 25: hewa imezidi, sawa na P0171. Ikipepesa mfululizo bila kubadilika, hakuna kilichoandikwa. Uwe na macho tu. Pini ya 16 ina moto wa betri, na kuigusisha na ya 4 ni shoti.

Taa inayopepesa yenyewe safarini ni hatari zaidi. Injini inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuyaunguza masega ya ekzosi. Punguza mafuta, tafuta pa kusimama. Msimbo ukiwa P0302, yaani silinda ya 2, badilishana koili yake na ya silinda ya 3. Ukihamia P0303, koili ndiyo mbovu; ukibaki palepale, kagua plagi na nozeli. Mpaka hapo hujanunua spea hata moja.

Basi ukipeleka gari gereji, betri iache ilivyo. Mwombe fundi aandike msimbo na namba alizosoma kabla hajafuta chochote, na akitaja spea ya kununua, muulize ni kipimo gani kilichomwonyesha kuwa hiyo ndiyo mbovu.