Kadi Unayo, Jina Je, Limo kwenye Orodha ya Kitongoji?

Mwaka 2024 uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulianza tarehe 11 Oktoba na kufungwa tarehe 20 Oktoba. Katika kata ya Chunyu, wilayani Ruangwa, hizo ni siku za korosho. Mikorosho inadondosha, watu wamehamia mashambani na sufuria zao, maghala ya vyama vya msingi yanapokea magunia, na gumzo la kijiweni ni bei ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mtu anayesema “nikishauza nitakwenda kujiandikisha” huweza kurudi kijijini akakuta kazi imekwisha. Ikifika siku ya kura, ambayo mwaka huo ilikuwa tarehe 27 Novemba, hana la kufanya, hata awe amezaliwa hapo na babu zake wamezikwa hapo.

Uchaguzi huu hufanyika kila baada ya miaka 5. Ulifanyika 2014, 2019 na 2024, na kwa mzunguko huo unaofuata ni wa 2029. Nauzungumzia mapema kwa sababu kila ninapokutana na wananchi nagundua kwamba wengi wanaoukosa hawakuzuiwa na mtu. Waliamini kadi ya mpiga kura iliyomo mfukoni inatosha.

Haitoshi. Kadi ile inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalotunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari hilo ni la kumchagua rais, mbunge na diwani, kama tulivyofanya tarehe 29 Oktoba 2025. Mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji huchaguliwa kwa orodha nyingine kabisa, inayoandaliwa upya kitongoji kwa kitongoji kila uchaguzi unapokaribia. Aliyeandikishwa 2024 asidhani jina lake litahamishiwa kwenye orodha ya 2029. Itabidi aende tena.

Kujiandikisha kwenyewe hakuna ugumu. Mwaka 2024 vituo vilikuwa wazi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Unamkuta mwandikishaji na meza yake, pengine kwenye ofisi ya kijiji, pengine kwenye darasa la shule. Unataja jina, umri na mahali unapoishi, anaandika, unaweka sahihi au dole gumba. Hakuna kupigwa picha, hakuna kadi unayopewa. Na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa kuwa tumezoea kwamba ukiandikishwa lazima uondoke na kitu mkononi. Mwaka huo mkanganyiko ulizidi kwa sababu Tume nayo ilikuwa ikiboresha Daftari lake mkoa kwa mkoa, kazi iliyozinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024. Mazoezi mawili, mwaka mmoja, yote yakiitwa uandikishaji wa wapiga kura.

Kwa nini yawe mawili? Daftari la Kudumu liko chini ya Tume. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa umekuwa ukisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kanuni anazotunga waziri. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliitaja Tume kuwa msimamizi wa chaguzi hizi pia, ila kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Sheria hiyo nyingine haikuwepo uchaguzi ulipofika, na TAMISEMI ikaendelea na kazi. Mimi ni katika wanaotaka itungwe kabla ya 2029. Waziri ni mwanasiasa wa chama, na chama chake kina wagombea katika kila kitongoji. Hata akitenda haki tupu, atakayeshindwa hataridhika.

Sifa za mpiga kura ni chache: awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, awe mkazi wa kitongoji au mtaa husika, na awe amejiandikisha hapo. Uraia, umri na akili timamu havina maneno mengi. Ukazi ndio unaoleta ubishi.

Chukua mtu mwenye ekari za mikorosho Chunyu lakini nyumba yake, mke wake na watoto wake wako Ruangwa mjini. Shamba halimpi kura Chunyu. Anaandikishwa anakoishi. Sasa mgeuze: mkazi wa Chunyu aliyehamia shambani kwa wiki tatu kuokota korosho, akalala kwenye kibanda katika kitongoji cha jirani. Huyo bado ni mkazi wa kwao, na arudi kwao kujiandikisha. Mwalimu aliyepangiwa shule ya hapo na amepanga chumba hapo ni mkazi kama wengine, ingawa wazee wanaweza kumwona mgeni. Sheria haiulizi kabila wala umezaliwa wapi. Na yule kijana aliyekwenda Dar es Salaam akakaa miaka minne hawezi kuandikishwa na mama yake kwa sababu tu chumba chake kipo. Kila mtu hujiandikisha mwenyewe, na mahali pamoja tu.

Ubishi huu una faida yake. Orodha ikikamilika hubandikwa hadharani, na mkazi ana haki ya kuikagua, kuomba marekebisho jina lake likiwa limerukwa au kukosewa, na kupinga jina la mtu asiyestahili. Katika kitongoji watu wanajuana. Hakuna mtambo utakaogundua jina la marehemu au la mtu aliyehama haraka kama atakavyogundua jirani anayesoma karatasi ile ukutani. Bahati mbaya wanaoisoma ni mawakala wa vyama na watu wachache. Ningekuwa na uwezo, ningeomba viongozi wa kila msikiti na kila kanisa Ruangwa na Nachingwea watangaze siku hizo waziwazi: nendeni mkasome orodha.

Unachagua nini? Inategemea unaishi wapi, na jambo hili huwasumbua hata watu wenye elimu. Mkazi wa kijijini, kama ilivyo Chunyu, anachagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji chake, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wakiwemo wa nafasi za wanawake. Halmashauri hiyo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na wenyeviti wa vitongoji wanaingia humo kwa nafasi zao. Mkazi wa manispaa au halmashauri ya mji anachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Katikati kuna mamlaka za miji midogo. Humo hakuna kijiji wala mtaa, kuna vitongoji tu, na mkazi anapiga kura moja, ya mwenyekiti wa kitongoji. Kura hiyo moja ni nzito, maana wenyeviti wa vitongoji ndio wanaoingia kwenye baraza la mji mdogo, na mwenyekiti wa mamlaka hutoka miongoni mwao. Ukihama kutoka kijijini kwenda mji mdogo usishangae kupewa karatasi moja pale ulipozoea kupewa kadhaa. Hujapunjwa.

Mtendaji wa kijiji hayumo katika yote haya. Yeye ni mwajiriwa, hapigiwi kura.

Anayetaka kugombea anatakiwa awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi, awe na shughuli halali inayompa kipato, na awe amedhaminiwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo katika sheria zetu. Hatua ya uteuzi ndiyo iliyoleta majeraha mengi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama kadhaa vikiwemo CHADEMA na ACT-Wazalendo vikajitoa, na sehemu kubwa ya viti ikapita bila kupingwa. Mamilioni walikuwa wamejiandikisha, wakakosa cha kupigia kura. Mwaka 2024 kanuni zilibadilika: mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Malalamiko ya kuenguliwa yalirudi mwaka huo pia. Hata hivyo kura ya hapana ni silaha halali, na wakazi wengi hawajui kwamba wanayo.

Siku yenyewe ya kura, mwaka 2024, vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Nenda na kitambulisho ulicho nacho: cha taifa, kadi ya mpiga kura, leseni au pasipoti. Hapa kadi ina kazi, lakini kazi yake ni kukutambulisha tu. Jina likipatikana kwenye orodha unapewa karatasi, unaingia kwenye kituturi, unaweka alama ya vema kwa unayemtaka, unaikunja na kuitumbukiza kwenye sanduku. Usiandike jina lako wala neno lolote. Wazee, wagonjwa, wajawazito, wenye ulemavu na kina mama wenye watoto wachanga hawapangi foleni. Asiyeona au asiyeweza kuandika anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na mtu huyo amchague mwenyewe, asichaguliwe na wakala. Kura huhesabiwa palepale kituoni, mawakala wakishuhudia, na matokeo hubandikwa.

Mgombea asiyeridhika na uamuzi wa uteuzi huenda Kamati ya Rufani ngazi ya wilaya. Anayepinga matokeo huenda Mahakama ya Wilaya. Milango yote miwili hufungwa mapema, kwa hiyo karatasi zihifadhiwe kuanzia siku ya kwanza: nakala ya fomu, barua ya pingamizi, fomu ya matokeo yenye sahihi za mawakala.

Uzito wa viti hivi unaonekana kwenye ardhi. Ruangwa ina kinywe ardhini, madini yanayotafutwa duniani kwa ajili ya betri. Mgeni anayetaka ardhi ya kijiji hukutana kwanza na halmashauri ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Lakini halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3, na wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Hauhitaji kadi, wala jina kwenye orodha ya Oktoba. Aliyekosa kura mwaka 2024 anaruhusiwa kuhudhuria mkutano ujao, akamtaka mwenyekiti asome mapato na matumizi, na akauliza muhtasari wa kikao kilichopita uko wapi.