Hamira Isiyojua Kujitibu

Mwaka 2003 J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzake, wakiwemo wa kutoka Norway, walichapisha orodha ya vijidudu walivyovikuta ndani ya togwa. Togwa yenyewe kila mtu wa Morogoro anaijua: uji wa mahindi au mtama unapikwa, ukipoa unatiwa kimea, unafunikwa, na kesho yake umechachuka. Uchachu huo ni mkali kuliko mnywaji anavyodhani, kiasi kwamba bakteria wengi wanaoleta kuhara hupata shida kuishi humo. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wa asidi ya laktiki. Lakini katika orodha ile zilikuwemo pia hamira za aina nne, na moja kati ya hizo inaitwa Saccharomyces cerevisiae.

Jina hilo lisimtishe mtu. Ndiyo hamira ya pakiti inayoumua mandazi na mkate, na ndiyo inayogeuza sukari kuwa kilevi kwenye bia. Tarehe 16 Novemba 2022 aina hiyo hiyo ilirushwa kutoka Florida ndani ya roketi ya Artemis I kuelekea upande wa Mwezi. Tangu Apollo 17 irudi Desemba 1972, hadi siku ile, hakuna binadamu aliyekuwa amesafiri mbali hivyo. Chombo cha Artemis I hakikuwa na abiria hata mmoja. Hamira ilikwenda kwa niaba yetu.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini watu wenye roketi wapakie kitu cha shilingi mia chache. Jibu ni kwamba ndani kabisa tunafanana na hamira kuliko sura zetu zinavyoonyesha. Seli yake ina kiini kilichofungiwa DNA, kama seli ya ini lako au ya titi la mama yako. Ina jeni zipatazo 6,000, na ilikuwa ya kwanza kati ya viumbe wa namna hiyo kusomwa DNA yake yote, mwaka 1996. Jeni nyingi zinazoisaidia kuishi tunazo na sisi, zikifanya kazi ile ile. Halafu hailalamiki. Ikikaushwa inalala miezi mingi bila chakula wala hewa safi, na ikipata maji na sukari inaamka. Panya angehitaji kizimba, chakula na mtu wa kumhudumia.

Hatari iliyowahusu wataalamu ni mionzi. Hapa duniani tuna ngao mbili, hewa iliyo juu yetu na nguvu ya sumaku ya Dunia yenyewe. Hata wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga, kilichoko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, bado wamo ndani ya ngao hiyo ya pili. Mwezi uko mbali karibu mara elfu moja ya umbali huo, na huko hakuna ngao. Kinachopita ni viini vya atomu vilivyovuliwa elektroni zake na kurushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vingi ni vya haidrojeni, kiasi cha asilimia 12 ni vya heliamu, na asilimia 1 hivi ni vizito zaidi, hata vya chuma. Kiini cha chuma kikipenya seli kinaweza kuukata uzi wa DNA pande zote mbili kwa mpigo.

Uzi wa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ukikatika mmoja, seli inasoma wa pili na kuziba pengo. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, kazi ni nzito. Fikiria kikoba kinachoweka madaftari mawili ya michango, moja kwa katibu na lingine kwa mweka hazina. Ukurasa ukichanika kwa katibu, mtu anaenda kwa mweka hazina, anautafuta ukurasa ule ule, ananakili jina kwa jina. Seli nayo ina nakala ya pili ya DNA yake, na inahitaji mtu wa kwenda kutafuta ukurasa unaolingana. Kazi hiyo hufanywa na protini inayoitwa RAD51. Wajapani Akira Shinohara, Hideyuki Ogawa na Tomoko Ogawa waliieleza jeni yake kwenye hamira mwaka 1992, na haukupita muda mrefu jeni ya namna hiyo ikapatikana kwa binadamu.

Sasa hapa ndipo uhandisi unapoingia. Ndani ya Artemis I kulikuwa na setilaiti ndogo iitwayo BioSentinel, ya kilo 14 hivi, iliyotengenezwa na kituo cha Ames cha NASA, California. Ilibeba hamira kavu za aina mbili: moja nzima, nyingine imeondolewa RAD51. Zilipangwa kwenye vishimo vidogo 288, na mpango ulikuwa kuvitilia maji yenye chakula kwa awamu, huku rangi ya bluu ikichanganywa humo. Hamira iliyo hai na inayokula huigeuza rangi hiyo kuwa ya waridi, na taa ndogo zinasoma badiliko hilo na kulituma duniani kwa redio. Hamira isiyo na RAD51 ikichelewa kugeuza rangi kuliko dada yake, na tofauti hiyo isionekane kwenye vishimo vya namna hiyo vilivyowekwa duniani na kwenye kituo cha kimataifa, mtaalamu anapata ushahidi kwamba nyuzi za DNA zinakatika huko. Aina moja peke yake isingemwambia kitu. Ingeweza kuchelewa kwa baridi tu.

Namna ya kuiondoa RAD51 inanifurahisha kila nikiifikiria. Mtaalamu hakati jeni kwa kisu. Anatengeneza kipande cha DNA ambacho katikati kina jeni ya kustahimili dawa fulani, na ncha zake mbili zinafanana kabisa na maeneo yaliyopakana na RAD51. Kipande kinaingizwa kwenye seli. Hamira inaona ncha zilizokatika, inatafuta mahali panapolingana, na inakipachika kipande hicho pale RAD51 ilipokuwa. Baadaye zote zinawekwa kwenye sahani yenye dawa, na zinazobaki hai ndizo zilizobadilishwa. Yaani hamira imetumia ufundi wake wa kujitibu kuung'oa ufundi huo huo.

Kwenye chombo cha Orion, kilichobebwa na roketi ile ile, kulikuwa na jaribio pana zaidi la kundi la Luis Zea wa Chuo Kikuu cha Colorado. Wao walituma maelfu ya aina za hamira pamoja, kila moja ikikosa jeni moja tu, na kila moja ikiwa imeandikiwa kipande kifupi cha DNA cha kuitambulisha. Zinashindana kukua. Zikirudi, mtaalamu anasoma alama zilizobaki nyingi na zilizopungua, na aina iliyopungua inamweleza jeni gani ilihitajika huko. Orion ilifika kilomita zaidi ya 432,000 kutoka duniani na ikarudi baharini tarehe 11 Desemba 2022. BioSentinel haikurudi, wala haikukusudiwa kurudi. Ilipita Mwezi ikaingia kwenye njia ya kulizunguka Jua, na kipimo chake cha mionzi kiliendelea kutuma takwimu. Mei 2024, dhoruba kubwa ya Jua ilipoigonga Dunia, setilaiti ile ilikuwa mbali nasi kwa kilomita zipatazo milioni 48, nje kabisa ya ngao yetu, ikipima.

Milima ya Uluguru ina sehemu yake katika habari ya mionzi, na ni ajabu kwamba haisimuliwi sana. Wakati wa Wajerumani, kwenye machimbo ya ulanga huko juu, yalipatikana mawe meusi mazito yenye urani. Juu ya mawe hayo palikuwa na madini ya manjano yaliyotokana na kuoza kwa yale meusi. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald aliyaeleza na kuyaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford. Vitabu vya madini hadi leo vinataja Uluguru, Morogoro, kuwa mahali yalikopatikana kwa mara ya kwanza.

Mawe meusi yalifika Vienna. Huko Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walitoa madini ya risasi yaliyokuwa ndani yake, wakayasafisha kwa uvumilivu wa kutisha, wakapima uzito wa atomu yake. Risasi ya kawaida ni 207.2. Ya Morogoro ilitoka 206.046. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ilitikisa kemia, kwa kuwa wakati ule wengi waliamini kila elementi ina uzito wake mmoja tu. Risasi ya Uluguru haikuwa imewekwa pale kama risasi. Ilizaliwa humo humo, urani ikigeuka polepole kwa zaidi ya miaka milioni 600. Matokeo hayo, yaliyotoka kati ya 1914 na 1915, yalikuwa miongoni mwa ushahidi imara wa kwanza kwamba isotopu zipo, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Horovitz, mwanamke Myahudi kutoka Warsaw, aliuawa na Wanazi Treblinka mwaka 1942, na mara nyingi jina lake ndilo linaloachwa.

Urani ikielekea kuwa risasi hutema viini vya heliamu vinane. Ni viini vile vile vinavyoruka angani, ila vya jiwe ni vivivu: karatasi inavizuia, ngozi inavizuia. Vya anga za mbali vina kasi ya kupenya ukuta wa chombo na mwili wa aliyemo.

Mtu wa Mgeta, huko huko Uluguru, anayelima karoti na kabichi hana safari ya Mwezini. Lakini huenda ana shangazi aliyepandishwa treni kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kupigwa mionzi. Mionzi hiyo kazi yake ni kukata DNA makusudi. Seli ya saratani mara nyingi ni fundi mbovu wa kujirekebisha kuliko seli nzima iliyo jirani nayo, ndiyo maana dozi hugawanywa siku kwa siku: seli nzima inapata usiku wa kuziba nyufa, na ile mbovu inabaki na nyufa zinazojumlishana. Kuna pia wanawake waliozaliwa na kasoro kwenye jeni ya BRCA2. Protini ya jeni hiyo ndiyo inayomshika RAD51 na kumpeleka kwenye ufa. Ikikosekana, RAD51 ipo lakini haifiki, na hatari ya saratani ya matiti na ya ovari inapanda. Dawa ya olaparib, iliyoruhusiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, inatumia udhaifu huo huo: inaziba njia nyingine ya matengenezo, na seli iliyokwisha kosa BRCA2 inakufa. Bei yake bado si ya familia ya mkulima. Ila maarifa yaliyoifikisha yalianzia kwenye hamira zilizoharibiwa kwa makusudi na kuhesabiwa zipi zimekufa kwa mionzi. Herufi RAD zenyewe zinatokana na kazi hiyo.

Hamira iliyotumika kutengeneza zile aina maelfu za Orion ina ukoo mfupi na wa kuchekesha. Sehemu kubwa ya damu yake inatoka kwenye tini lililooza, lililookotwa Merced, California, mwaka 1938. Tangu hapo imelelewa maabara, inakula vizuri, imesahau shida. Za togwa hazikulelewa hivyo. Zinaishi kwenye uchachu mkali, zikigombania chakula na bakteria. Ningekuwa na fedha ya utafiti ningeanzia hapo: nizikaushe, nizihifadhi mwaka mzima kwenye joto la Morogoro mjini, kisha nizitilie maji na nione ngapi zinaamka. Anayetuma hamira mbali hulazimika kuijua hesabu hiyo kabla hajauliza lolote kuhusu mionzi, kwa sababu roketi huchelewa.