Ua Linukalo kama Mzoga

Maua mengi hunukia. Nyuki huyafuata, na watu huyachuma ili kupamba nyumba na altare. Lakini liko ua moja ambalo halinukii, bali linanuka. Likichanua karibu na dirisha, mama wa nyumba huinama kutazama chini ya kitanda, akidhani panya amekufa humo. Hamwoni. Hutafuta nyuma ya jiko. Hutafuta kati ya magunia. Mwishowe huona inzi wengi wakizunguka kopo la maua barazani, na hapo hujua uvundo watoka wapi.

Watu wengine wakiisha kujua hivyo huung'oa mmea na kuutupa. Wengine huupenda mno kwa sababu ya ukubwa wa ua lake. Huumwagia maji asubuhi na jioni, na baada ya majuma machache mmea huoza mikononi mwao. Yule wa kwanza ameuua kwa chuki, na huyu wa pili ameuua kwa mapenzi. Wote wawili wamekosa jambo moja: hawakuujua mmea wanaoushika. Basi, ni mmea gani huu, nao hutunzwaje?

1. Jina lake na kwao

Wataalamu wa mimea huuita Stapelia gigantea. Neno gigantea ni la Kilatini, nalo lataja ukubwa kama wa jitu. Jina Stapelia lina habari yake.

Mwaka 1624 mhubiri mmoja Mholanzi, Justus Heurnius, alikuwa katika safari ya merikebu kwenda Asia. Merikebu ilipotia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, alishuka pwani, akatazama mimea ya huko, akaichora. Mmoja wa mimea ile ulikuwa ndugu wa mmea huu. Picha zake zilifika Uholanzi, mikononi mwa daktari Johannes Bodaeus van Stapel. Daktari huyo alikufa mwaka 1636, kabla kitabu chake hakijatoka. Kilichapishwa mwaka 1644. Baadaye Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliipa jamii hii ya mimea jina Stapelia ili daktari yule akumbukwe. Mwaka 1877 N. E. Brown, Mwingereza wa bustani ya Kew karibu na London, aliandika habari za mmea wenye ua kubwa na kuupa jina lake kamili.

Lakini mmea wenyewe ulikuwapo zamani sana kabla ya majina hayo. Kwao ni Afrika. Huota penyewe Zambia, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji, hadi Afrika ya Kusini, mahali penye mawe na jua kali. Basi kwa watu wa Kasomeno si mgeni wa mbali. Kasomeno ni kijiji cha njia panda: barabara moja yatoka Lubumbashi, moja yaelekea Pweto, na nyingine yaenda Kasenga penye mto Luapula. Ng'ambo ya mto huo ni Zambia.

Ua lake lina ncha tano kama nyota. Kwa hiyo katika somo hili litaitwa ua-nyota.

2. Mmea usio na majani

Mtu autazamapo mara ya kwanza huuliza: Majani yako wapi? Hayapo. Mmea wote ni mashina ya kijani yaliyosimama pamoja, kila moja likiwa na urefu wa shibiri moja hivi. Shina lina pembe nne, na ngozi yake ni laini kama mahameli.

Shina hilo hufanya kazi mbili. Kwanza ni jani: kwa rangi yake ya kijani hupokea mwanga wa jua na kupika chakula cha mmea. Pili ni mtungi: ndani yake ni nyama nyororo iliyojaa maji. Mvua ikikoma kwa miezi mingi, mmea hunywa maji ya mtungi wake mwenyewe.

Tena una akili ya ajabu katika kuvuta hewa. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vidogo mchana, na jua hunyonya maji kupitia humo. Mmea wa ua-nyota hufunga vitundu vyake mchana wa joto, huvifungua usiku wakati wa ubaridi, na kuweka akiba ya hewa ile hadi asubuhi. Hivyo hupoteza maji machache sana. Hakuna mtu aliyeufundisha kufanya hivi. Ni Mwumba aliyeutia desturi hiyo.

3. Ua na inzi

Mara nyingi mmea huu huchanua mvua zinapokaribia kwisha. Kwanza hutoka tumba lililovimba kama kibofu kilichojaa hewa. Kisha siku moja tumba hupasuka, na nyota kubwa hufunguka, yenye upana wa sentimeta 25, hata 30 na zaidi. Rangi yake ni manjano iliyofifia, yenye mistari myembamba ya wekundu mzito, na juu yake mna nywele. Kwa macho ya inzi, hiyo ni ngozi ya mnyama aliyekufa. Harufu nayo yamthibitishia.

Inzi huja mbio. Jike hutafuta mahali pa kutaga, kwa maana funza wake hula nyama iliyooza. Hutembea katikati ya ua, na huko mguu wake au mdomo wake hunaswa katika kijishikizo kidogo. Anapojivuta, hutoka na vifuko viwili vya chavua, yaani ule unga wa kiume wa ua. Akidanganyika tena kwa ua jingine, huviacha humo, na ua lile hushika mimba ya mbegu.

Na mayai yake? Huanguliwa, lakini funza hawakuti nyama. Hufa kwa njaa juu ya ua.

Je, ua hili ni mwongo? Hapana. Uongo ni dhambi ya mwenye akili na hiari, ajuaye kweli na kuificha. Ua halijui kitu. Latoa harufu iliyo asili yake, na kwa harufu hiyo huendeleza kizazi chake mahali ambapo nyuki ni haba na inzi ni wengi. Inzi naye hafi. Hupoteza mayai machache, hali mengine huyataga mahali pengine. Mtu peke yake ndiye awezaye kusema uongo, na ndiye awezaye kuukataa.

Baada ya siku chache ua hunyauka, na uvundo huisha. Likishika mimba, hutoka maganda mawili yaliyosimama kama pembe za swala. Hukomaa polepole, pengine kwa miezi mingi, kisha hupasuka. Kila mbegu ina nyuzi nyeupe za hariri, na upepo huichukua mbali.

4. Jihadhari na mnyaa

Kabla ya kukata mmea wo wote usio na majani, ni lazima kujua kama ni ua-nyota kweli. Mnyaa na ndugu zake hufanana nao kidogo: nao wana mashina ya kijani, na baadhi yao wana pembe na miiba. Watu huipanda kuwa ua wa boma, na mingine huota juu ya vichuguu vikubwa. Mimea hiyo ina utomvu mweupe kama maziwa, nao ni sumu. Ukiingia jichoni huleta maumivu makali, na mtu aweza kupofuka. Ukigusa ngozi huleta malengelenge.

Utomvu wa ua-nyota ni kama maji, hauna weupe. Tena mashina yake ni laini, hayana miiba mikali. Basi mtoto asikate mmea asioujua; amwite kwanza mtu mzima. Utomvu mweupe ukimwingia mtu jichoni, aoshwe mara hiyo hiyo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati bila kukawia. Asisugue jicho.

5. Jinsi ya kuupanda

Njia rahisi si mbegu, bali ni kipande cha shina. Mpandaji hufanya hivi:

Kwanza, hukata shina moja zima pale linapoungana na shina jingine, kwa kisu safi.

Pili, halipandi siku hiyo. Huliweka kivulini, mahali pakavu, kwa siku saba hadi kumi na nne, mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi. Watu wengi hawana subira hii. Hupanda shina lenye kidonda kibichi, na uozo huingia kama mwizi mlangoni.

Tatu, huchukua kopo au chungu na kutoboa matundu chini yake, ili maji yapite. Kopo lisilo na matundu ni kaburi la mmea huu.

Nne, hutengeneza udongo. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali kwa sababu hushikamana na kushika maji. Kwa sababu hiyo hiyo haufai hapa ukiwa peke yake. Mpandaji huchanganya mchanga mwingi wa mto, changarawe ndogo, na sehemu ndogo ya udongo wa bustani.

Tano, huliweka shina juu ya udongo huo, sehemu ya chini ikifukiwa kidogo tu. Hungoja siku kadhaa, ndipo hutia maji machache.

Kopo huwekwa mahali penye mwanga mwingi, lakini si karibu na dirisha la kulala, kwa sababu inayojulikana.

6. Maji kwa kiasi

Hapa ndipo mmea huishi au hufa. Katika Haut-Katanga mvua nyingi hunyesha toka Novemba hadi Aprili, pengine siku nyingi mfululizo. Mvua hiyo ni baraka kwa mahindi, lakini yaweza kuozesha ua-nyota. Kwa hiyo katika miezi hiyo kopo hukaa chini ya paa la baraza, upande upatao jua. Mpandaji hutia kidole katika udongo. Ukiwa na ubichi, huuacha. Ukiwa mkavu kabisa, hutia maji mpaka yatoke chini, kisha hungoja tena.

Toka Mei mvua hukoma, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi. Wakati huo mmea hupumzika. Maji kidogo mara moja kwa mwezi yatosha. Mashina yakinywea kidogo, si ugonjwa. Mmea wanywa akiba yake. Joto likirudi Agosti na Septemba, maji huongezwa polepole.

Maadui wake ni wawili hasa. Wa kwanza ni wadudu wadogo weupe kama pamba, wakaao kati ya mashina au penye mizizi. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na udongo wenye wadudu hutupwa. Wa pili ni uozo. Shina hugeuka jeusi na kuwa laini toka chini. Shina hilo haliponi. Mpandaji hukata sehemu iliyo nzima bado, huikausha, na kuipanda upya katika udongo mkavu. Mara nyingi kipande kimoja kilichookolewa hivyo hujaza kopo zima tena.

7. Mafundisho ya mmea huu

Aumwagiaye maji kila siku hana nia mbaya. Ana moyo mwema, lakini hajauliza mmea wahitaji nini. Ni vivyo hivyo kwa mambo mengine. Mtoto mchanga hapewi ugali kwa sababu mama yake aupenda ugali. Mgonjwa hapewi dawa mara mbili ili apone upesi mara mbili. Upendo bila maarifa waweza kuua.

Wazee husema: Kizuri hakikosi ila. Ua-nyota lina ila ya harufu yake. Lakini mtu aliyeujua mmea huu hautupi, wala hauzamishi katika maji. Huweka kopo lake mahali pafaapo, hutazama udongo kwa kidole chake, na kungoja.

Maswali

1. Kwa nini inzi hulijia ua-nyota? Hupata nini, na hupoteza nini?
2. Shina la mmea huu hufanya kazi gani mbili?
3. Utautambuaje mnyaa? Utafanya nini utomvu wake ukimwingia mwenzako jichoni?
4. Kwa nini kipande kilichokatwa hakipandwi siku ile ile?
5. Eleza jinsi ya kuutunza mmea huu mwezi wa Januari, kisha mwezi wa Julai.
6. Eleza maana ya maneno haya: Upendo bila maarifa waweza kuua. Toa mfano mmoja wa nyumbani kwenu.