Pikipiki ya Mkulima: Kurekebisha Injini Iliyobadilishwa kwa Fedha Kidogo

Wakulima wa skimu, siku hizi pikipiki imekuwa kama punda na mkokoteni wa zamani. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT katika pikipiki ndogo, zimeenea Meru na Embu mpaka vijiji ambavyo gari halifiki. Hupeleka maziwa, miraa, ndizi na mbolea, tena humfikisha mgonjwa hospitali.

Lakini wakulima wengi hununua pikipiki iliyokwisha kutumiwa, na mara nyingi injini yake imebadilishwa. Pengine silinda imechongwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi, pengine eksosi imetobolewa, au chujio la hewa limetolewa ili injini “ipumue”. Mwenye kuuza husema ina nguvu. Mkulima akifika kwenye mlima na mitungi ya maziwa, injini inachemka, inakula petroli nyingi, kisha inakwama. Maziwa yanaharibika, na fedha za karo zinakwenda kwa fundi. Yafaa tujue jinsi ya kuiweka sawa bila gharama kubwa. Maelezo haya ni ya pikipiki zenye kabureta.

Kwanza tufanye hesabu

Watu wengi hufikiri kuchonga silinda huleta nguvu nyingi. Tuangalie mfano. Boxer BM 150 ina silinda yenye upana wa milimita 56, na pistoni husafiri milimita 58.8. Ukubwa wa injini hiyo ni cc 144.8. Ukichonga silinda ikatiwa pistoni ya milimita 57, injini itakuwa cc 150 tu. Umeongeza karibu cc 5, yaani chini ya sehemu 4 katika 100. Kwa hiyo, chonga silinda ikiwa imelika, si kwa kutafuta nguvu.

Sasa linganisha na sproketi. Tuseme sproketi ya nyuma ina meno 42. Ukiweka ya meno 45, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa sehemu 7 katika 100. Pikipiki haitakimbia kama kwanza kwenye lami, lakini mkulima mwenye mzigo anataka kupanda kilima, hataki mashindano. Sproketi ni bei ndogo kuliko pistoni na kazi ya kuchonga, tena injini haifunguliwi.

Hewa ya milimani

Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua. Kwa kila meta 100 za kupanda, hewa hupungua kwa karibu sehemu 1 katika 100, na nguvu ya injini hupungua vivyo hivyo. Timau iko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Basi pikipiki ya huko imepoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zake, hata ikiwa mpya. Usimlaumu fundi kwa jambo hilo.

Tena, kabureta haijui kuwa umepanda mlima. Huendelea kutoa petroli ileile wakati hewa ni chache, ndipo moshi mweusi hutoka. Wengine hupunguza petroli wakiwa Timau, kisha wanateremka na mzigo mpaka Mitunguu, mahali penye hewa nzito. Huko petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyopo, injini inapata moto mkali, na pistoni inaweza kushika au kutoboka. Ikiwa safari zako ni za juu na chini, rekebisha kabureta kwa kufuata mahali pa chini. Utapoteza petroli kidogo ukiwa juu, lakini utaokoa injini.

Kazi kwa utaratibu

Anza na kazi isiyo na gharama, kisha yenye gharama ndogo. Usifungue injini kabla ya kumaliza hizi.

1. Chujio la hewa. Kama limetolewa, lirudishe. Vumbi la Mbeere hula silinda kama msasa. Tena injini isiyo na chujio huvuta hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangiwa. Kama eksosi imetobolewa, izibwe kwa welding au ibadilishwe.

2. Plagi. Fungua plagi baada ya safari yenye mzigo, injini ikiisha kupoa kiasi, uitazame ncha yake. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi na kavu kama masizi maana yake ni petroli nyingi au chujio lililoziba. Nyeupe maana yake petroli ni kidogo na injini inaungua. Hiyo ndiyo hatari zaidi. Nyeusi na yenye mafuta maana yake oili inaingia ndani. Safisha plagi kwa brashi, na upime nafasi ya ncha kama kitabu cha pikipiki kinavyosema.

3. Vali. Vali zikibana sana, injini hupoteza nguvu na vali huungua. Zikilegea, utasikia mlio wa kugonga-gonga. Katika pikipiki nyingi ndogo nafasi yake ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kipimo chake ni vyuma vyembamba vilivyofungwa pamoja. Wakulima watano wakichanga fedha, kimoja kitawatosha wote.

4. Kabureta. Funga petroli, ufungue bakuli la chini na kulisafisha. Tundu za jeti zipulizwe kwa hewa, zisichokolewe kwa waya, maana zikipanuka hazirudi. Kazi hii ifanywe nje, mbali na jiko na sigara, wala mtoto asishikilie taa ya moto karibu.

Kisha washa injini mpaka ipate moto. Kuna skurubu mbili. Moja huongeza na kupunguza mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama. Nyingine hupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Zungusha hii ya pili polepole, robo kwa robo, ukisikiliza. Mahali injini inapozunguka kwa kasi zaidi na bila kukatika, hapo simama. Halafu punguza mwendo kwa skurubu ya kwanza. Angalia jambo moja: skurubu ya mchanganyiko ikiwa upande wa chujio, kuifungua huongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza petroli.

Skurubu hiyo hutawala mwendo mdogo tu. Kama plagi ni nyeupe baada ya kupanda mlima, tafuta jeti kubwa iliyo namba moja juu ya ile iliyomo, kisha tazama plagi tena. Badilisha kitu kimoja kwa siku moja. Ukibadilisha vitatu, hutajua ni kipi kilichosaidia.

5. Cheni, magurudumu na breki. Cheni iliyokaza sana, gurudumu lisilo na upepo wa kutosha, na breki inayobana hula nguvu nyingi ya injini. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likikataa kuzunguka, usitafute kosa kwenye kabureta.

Kama nguvu bado ni hafifu

Tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, rudisha plagi, kisha piga kiki. Ikiwa kiki imekuwa nzito kuliko kwanza, ringi au silinda zimelika. Ikiwa haikubadilika, shaka iko kwenye vali. Jaribio hili halina gharama, na fundi hataweza kukuuzia pistoni usiyoihitaji.

Ikiwa lazima silinda ichongwe, nunua pistoni kwanza uipeleke pamoja na silinda kwa mwenye mashine. Silinda huchongwa kwa kufuata pistoni, wala si pistoni kutafutwa baadaye. Chagua ukubwa mdogo kabisa unaotosha. Pistoni huongezeka kwa milimita 0.25, hivyo silinda iliyochongwa kidogo inaweza kuchongwa tena miaka ijayo. Ikishafungwa, iendeshe polepole bila mzigo mzito, na umwage oili ya kwanza mapema, maana ina unga wa chuma.

Jambo la uhai

Injini ikiisha kupata nguvu, usisahau mteremko. Barabara ya Embu kwenda Meru hushuka na kupanda mito mingi. Katika Daraja la Nithi, mwezi wa Julai 2022, basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Mtu anayeteremka akiwa ametoa gia ili kuokoa petroli ameacha breki peke yake zishike mzigo wote. Teremka katika gia ileile ambayo ungetumia kupanda. Vaa kofia ya chuma, na ubebe abiria mmoja tu kama sheria ya barabara inavyoagiza. Na kama injini yote imebadilishwa, namba yake iwe sawa na ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kama si sawa, peleka habari kwa NTSA kabla hujasimamishwa njiani.

Andika katika daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, lita za petroli, kilometa ulizokwenda na mzigo uliobeba. Tuseme pikipiki yako ilikunywa lita 3 kwa siku, na baada ya marekebisho inakunywa lita mbili na nusu. Kwa siku 26 za kazi umeokoa lita 13 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli ya kituo chako, utaona faida mwenyewe. Na siku daftari litakapoonyesha petroli inaanza kuongezeka bila sababu, fungua plagi uitazame. Usingoje mpaka injini ikwame mlimani na maziwa yako mgongoni.