Nepi za kitambaa au za kutupa? Bei ya maji ndiyo mwamuzi

MSWADA wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza ushuru wa mazingira kwa bidhaa kadhaa, nepi za kutupa zikiwemo, gharama ya malezi ya mtoto mchanga iliingia katika mjadala wa kitaifa. Mswada huo uliondolewa Juni mwaka huo kufuatia maandamano ya vijana. Hata hivyo, swali lingali pale pale: ni nafuu kununua nepi za kutupa, ambazo Wakenya wengi huziita Pampers hata zikiwa za kampuni nyingine, au kurejelea zile za kitambaa?

Mzazi mwenye kipato cha kila siku hununua nepi za kutupa mojamoja dukani, na Sh20 haionekani kuwa mzigo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anayetumia nepi tano kwa siku, kwa bei hiyo, hugharimu Sh100 kila siku, yaani Sh3,000 kwa mwezi. Akivalishwa kwa miaka miwili, jumla hufika Sh72,000. Mtoto aliyezaliwa juzi huhitaji nyingi zaidi, kwani hubadilishwa hata mara kumi kwa siku.

Nepi za kitambaa nazo hudai fedha nyingi mwanzoni. Mzazi huhitaji takriban 24, kwa sababu wakati mtoto amevaa moja, nyingine huwa zimelowekwa na nyingine zi kambani. Kila moja ikinunuliwa kwa Sh150, hizo ni Sh3,600. Chupi za plastiki, pini na ndoo yenye kifuniko zikigharimu Sh900, mtaji wote ni Sh4,500. Anayechana leso kuukuu kutengeneza winda, kama walivyofanya akina nyanya, hutumia pungufu ya hapo.

Baada ya mtaji huo, gharama iliyofichika ni sabuni na maji. Iwapo sabuni ni Sh500 kwa mwezi, na kufua na kusuza humaliza mitungi miwili ya lita 20 kila siku, hesabu hubadilika kulingana na bei ya maji mtaani. Mtungi ukiuzwa kwa Sh5, matumizi ya miaka miwili pamoja na mtaji huwa Sh23,700, chini ya theluthi moja ya gharama ya nepi za kutupa. Ukiuzwa kwa Sh20, jumla hupanda hadi Sh45,300, na bado kitambaa ni nafuu. Lakini uhaba ukizidi na bei idumu kwa Sh50, jumla huwa Sh88,500, na nepi za kutupa ndizo huwa rahisi.

Kwa hivyo, ushauri unaomfaa mkazi mwenye mfereji nyumbani huenda ukamtia hasara jirani yake anayenunua maji kwa mchuuzi wa mkokoteni.

Isitoshe, kuna gharama ya mikono. Mama anayerauka kwenda kibaruani hana saa ya kufua kila siku, na akimlipa mtu amfulie, akiba yote yaweza kutoweka. Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, nguo hukawia kukauka, na nepi yenye unyevu humchubua mtoto.

Nepi za kutupa pia hazimaliziki kwa kununuliwa. Zina plastiki na chembechembe zinazofyonza maji na kufura, ambazo haziozi upesi. Zikitumbukizwa chooni, shimo hujaa kabla ya wakati wake, na wapangaji hulazimika kugharimia kulizoa.

Njia ya kati ipo. Mtoto aweza kuvaa kitambaa mchana, na nepi moja ya kutupa usiku au safarini. Kwa bei ya Sh20, hiyo ni Sh600 kwa mwezi badala ya Sh3,000, juu ya gharama ya kufua zile za mchana. Aidha, nepi za kitambaa zikitunzwa vyema humfaa mtoto wa pili, ambaye mzazi wake hatahitaji tena mtaji wa kwanza.

Kabla ya kuamua, basi, mzazi na aulize kwanza mtungi wa maji unauzwaje mtaani mwake, na ni nani atakayefua.