Picha ya Ukoo Kabla Msafara Haujaondoka

Kamati ya harusi jijini Mwanza inaweza kukaa vikao vingi ikijadili ukumbi, mapambo, vinywaji, MC na matarumbeta, na bado isiulizane hata mara moja nani atapigwa picha na nani. Jambo hilo huachiwa mpiga picha, ambaye amekodiwa kwa kuijua kamera, si kwa kuujua ukoo. Hawezi kutambua kwamba mama aliyekaa benchi la nyuma ndiye mama mdogo aliyemlea bibi harusi tangu utotoni, wala kwamba yule mzee mwenye fimbo ndiye babu pekee aliyebaki upande wa bwana harusi. Kwa maoni yangu, picha za familia zinapaswa kupangwa kwa orodha iliyoandikwa na wanafamilia wenyewe, na zipigwe palepale ndoa ilipofungwa, kabla msafara haujaondoka.

Tuangalie mambo yanavyokwenda kwa kawaida. Ndoa ya kanisani ikimalizika mchana, maharusi na wasimamizi wao huelekea ziwani, Capri Point au mahali ambapo Jiwe la Bismarck linaonekana vizuri, huku ndugu wakipanda Kosta kurudi nyumbani kusubiri muda wa ukumbi. Picha za familia husogezwa usiku, mara nyingi baada ya zawadi. Wakati huo bibi aliyevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe amekwisha kuchoka na kupelekwa kulala, watoto wamesinzia mapajani, na waliotoka Sengerema wameanza safari. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea foleni ya kivuko, lakini halijawafanya wazee wapende kusafiri usiku. Anayebaki kupigwa picha ni mwenye nguvu za kukesha. Tena taa za mapambo zina rangi zake: zambarau na kijani vinavyopendeza jukwaani huharibu sura za watu, na hakuna fundi wa kompyuta anayeweza kuzirudishia ngozi 30 rangi zake halisi bila kazi kubwa.

Mwanga nao unaunga mkono uwanja wa kanisa kuliko wengi wanavyodhani. Jua la saa 8 mchana ni kali kweli. Linatia vivuli machoni, na shela jeupe linang’aa mpaka nyuso zilizo jirani zinafifia. Dawa yake ni kivuli. Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huvuka juu sana na kuanza kuinama upande wa magharibi baada ya saa 7. Kufikia saa 10 hivi alasiri, kivuli cha kitu kilichosimama kinakaribia kulingana na urefu wake, jambo ambalo Waislamu wanalijua vizuri kwa kuwa ndilo linalowaonyesha kuingia kwa alasiri. Ukuta wa kanisa unaotazama mashariki, wenye urefu wa mita 6, unaweza basi kutoa ukanda wa kivuli wa kutosha watu kusimama mistari mitatu, wote wakiwa na mwanga laini unaofanana. Kukinyesha, na mvua za vuli na masika hupenda kushuka alasiri upande wa nchi kavu, baraza ya kanisa inafanya kazi hiyohiyo.

Watu husema ziwani ndiko kuzuri zaidi, hasa jioni. Kwa maharusi wawili nakubali kabisa. Ila upande wa ghuba jua linazama majini, yaani nyuma ya wanaopigwa picha. Kundi kubwa likisimama hapo nyuso zinakuwa giza, na likigeuzwa, ziwa linapotea. Mwanga ule mzuri haufiki hata saa nzima, kwa sababu katika latitudo zetu jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Kuutumia muda huo kumtafuta mjomba ni hasara, na kumpandisha bibi wa miaka 80 kwenye majabali ni hatari.

Wengine watasema kila mtu ana simu. Ndiyo maana picha za makundi siku hizi zina macho yanayotazama pande sita: wapigaji ni wengi na hakuna anayewajibika. Wapo pia wanaohofia kwamba orodha italeta ugomvi, fulani akijiona ameachwa. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Lakini ugomvi huo upo hata bila orodha. Tofauti ni kama utamalizwa na wazee kikaoni au utaibuka mlangoni pa kanisa mbele ya wageni. Kwa ndoa ya Kiislamu, ambako bwana harusi huenda akafungishwa ndoa msikitini na bibi harusi yuko kwao, mahali panabadilika na kuwa nyumbani kwa bibi harusi, na wanawake waulizwe mapema kama wanaridhia kupigwa picha.

Orodha yenyewe isizidi makundi 12. Kila kundi likipewa dakika 3, jumla ni dakika 36, na maharusi bado wanawahi ziwani. Waanze wazee na wenye watoto wachanga, kisha wapumzishwe. Vijana wanaweza kungoja. Kila upande uteue mtu mmoja anayewajua ndugu kwa majina na mwenye sauti ya kuita, asiwe msimamizi wala MC, na matarumbeta yaombwe kunyamaza muda huo. Kama kamati yenu inakutana wiki hii, itakeni kila familia ilete orodha yake kabla mpiga picha hajalipwa malipo ya awali.