Mchango wa Kufiwa si Mchango wa Mimba Nyingine

Oktoba inapokaribia, na pamoja nayo tarehe 15 ambayo nchi nyingi huwakumbuka watoto waliofia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, daftari la mchango wa waliofiwa hivyo huanza kuzunguka makanisani, maofisini na kwenye makundi ya WhatsApp. Hapo swali lilelile huturudia sisi tunaofanya kazi ya unasihi wa waliofiwa: fedha hizi si zingefaa zaidi kuwasaidia wapate mtoto mwingine upesi? Wengine hawana hata upole huo. Husema hapakuwa na matanga, marehemu hana jina, wazazi bado vijana na Mungu atawapa mwingine, basi rambirambi ya nini? Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi na upole haukusaidia. Nalijibu sasa kwa ushahidi, kwa sababu kamati ya mchango ikiamini kwamba mimba nyingine ndiyo dawa, hela yote huishia kwenye mitishamba ya “kusafisha kizazi” na safari za kwenda kwa wanaodai kufungua tumbo, na fungu la kukaa na aliyefiwa hubaki sifuri.

Imani hiyo inadai kwamba huzuni ya mimba hufutwa na mimba. Dai hilo limepimwa. Watafiti waliofuatilia wajawazito 13,133 wa eneo la Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Wanawake waliowahi kupoteza mimba au kuzaa mtoto mfu walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi walipobeba mimba iliyofuata, na athari hiyo haikuondoka walipojifungua mtoto mwenye afya. Ufuatiliaji uliendelea hadi mtoto huyo alipotimiza miezi 33. Yaani huyo “mwingine” alikwisha kuja, akanyonya, akatambaa, akaanza kukimbia uani, na huzuni ikawa palepale. Mwaka 1999 utafiti mdogo zaidi, wa Uingereza vilevile, uliwalinganisha wanawake 60 waliowahi kuzaa mtoto mfu na wengine 60 wasiopatwa na hilo. Miongoni mwa waliofiwa, walioshika mimba kabla ya mwaka kupita walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi mimba ilipokaribia mwisho kuliko waliokawia. Najua atakayesema kwamba huenda wenye majonzi makubwa ndio wanaoikimbilia mimba, wala si mimba iliyowaletea majonzi. Inawezekana. Lakini hoja hiyo haimwokoi anayeitetea dawa hii, maana ingekuwa dawa, waliokimbilia wangepona.

Wapo pia wanaonijia na utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza uzazi 14,452 wa wanawake wa Australia, Finland na Norway waliowahi kuzaa mtoto mfu, ambao haukuona hatari zaidi kwa mtoto anayefuata mimba inapotungwa ndani ya miezi 12. Ni utafiti mzuri, na simkatazi mtu kubeba mimba anapotaka. Hilo ni la wenzi na daktari wao, na aliyepasuliwa ana mashauri yake. Utafiti huo, hata hivyo, ulipima usalama wa mimba. Haukupima majonzi ya mama. Ninachokataa ni kuichukua mimba changa na kuikabidhi kazi ya kumnyamazisha mama, huku mawifi wakihesabu miezi na mume akidokezewa habari ya mke wa pili. Ama hiyo mitishamba, sijui inasafisha nini. Sehemu kubwa ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo hutokana na hitilafu za kromosomu zilizokuwapo tangu yai lirutubishwe. Watoto wanaofia tumboni baadaye huuawa na presha ya mimba, maambukizi, kondo lililoshindwa kazi au uchungu uliokwama bila msaada. Kama kuna mabaki kwenye kizazi, mwanamke huyo ni wa hospitali, leo, si wa kunyweshwa mizizi. Kizazi kinasingiziwa uchafu ili apatikane wa kulaumiwa, na kila mara anayelaumiwa ni mwanamke.

Husemwa tena kwamba unasihi ni mambo ya Kizungu, sisi tuna ukoo. Ukoo huo uko wapi siku hiyo? Aliyefiwa na mtoto wa miaka kumi hupangiwa viti, huletewa sukari na mchele, na majirani hulala kwake. Aliyezaa mtoto mfu huambiwa ajikaze, na maiti huzikwa haraka na watu watatu yeye akiwa bado wodini. Sijaleta desturi mpya. Nataka huyu naye aingizwe katika desturi ileile ya kuchangiana na kukaa pamoja. Dini haina kizuizi: kwa wanazuoni wengi wa Kiislamu, mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa, hata kama wanatofautiana kuhusu kumswalia. Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 zaidi za likizo ya uzazi yenye malipo mtoto akifa kabla ya kutimiza mwaka. Ikiwa Bunge liliona huzuni ya kichanga haimaliziki wikiendi moja, kamati ya mtaa nayo inaweza kuliona hilo.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja. Duniani watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka baada ya wiki 28 za mimba, na zaidi ya asilimia 40 kati yao hufa uchungu ukiwa umeanza, wakati ambao uangalizi mzuri ungewaokoa wengi. Kwa nini basi tuchangie machozi badala ya vifaa? Kwanza, kopo la mchango haliajiri mkunga wa zamu ya usiku wala daktari wa ganzi. Hiyo ni kazi ya bajeti ya serikali, na wananchi waidai huko. Pili, machozi na kinga havijatengana kama inavyodhaniwa. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mfu ana uwezekano wa karibu mara tano wa kupatwa tena, na kwa sehemu kubwa hizo ni takwimu za nchi tajiri. Huyu ndiye anayepaswa kufika kliniki mapema kuliko wote. Huyu pia, akiwa amelaumiwa na kunyamazishwa, ana kila sababu ya kuificha mimba ijayo hadi tumbo lionekane. Anayechangia mtu wa kumsindikiza anachangia kinga.

Basi, kwa anayetaka kuchanga. Anzeni na deni la hospitali, usafiri wa mama na wa mwili, sanda au jeneza dogo. Ombeni uongozi wa wodi asilazwe katikati ya wenye vichanga. Maziwa hujaa siku ya pili hadi ya tano hata kama mtoto amekufa: nunueni sidiria inayoshikilia vizuri, kitambaa cha kulowesha maji baridi na dawa ya maumivu, na msimkaze kanga kifuani. Vidonge vya kukausha maziwa vipo ila ni hatari kwa aliyekuwa na presha ya mimba, kwa hiyo daktari kwanza. Kumwona mtoto, wazazi waulizwe. Wasilazimishwe wala wasikatazwe, kwani tafiti za jambo hilo zinapingana. Lipieni vikao kadhaa vya mnasihi, si kimoja, na baba awemo. Tengeni vocha za simu kwa mtu atakayempigia baada ya wiki sita, wageni walipokwisha kuondoka. Asiyelala kabisa au anayezungumzia kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kenya kuna Still A Mum, shirika linalotoa ushauri nasaha kwa wazazi waliopoteza mimba au watoto. Walio karibu walitumie. Wekeni akiba ya nauli ya kliniki ya mimba ijayo, ikija. Fedha zipokelewe kwa lipa namba ya kikundi, si kwa simu ya katibu, na zitolewe kwa saini mbili. Jina na picha ya mama visitumwe kundini bila ridhaa yake, hata kama picha ndiyo ingeongeza mchango.